Nyekundu Aomba Muda

Chumba kiko juu ya duka la misumari, mjini Arua,
ngazi zake za chuma hulia kila unapokanyaga.
Ejoyi, mtoto wa kaka yangu, alinivutia kiti cha plastiki
mbele ya kioo, akasema: Shangazi, jaribu kuwadanganya.

Mchezo wenyewe ni huu: machifu wanne, mto mmoja,
fedha za daraja moja tu. Mimi ni Bluu.
Njano, Kijani na Nyekundu ni mashine,
nao huandika Kiswahili kilichonyooka,
kama cha mtu asiyewahi kukopa.

Miaka kumi na miwili nilikuwa katibu wa wauza samaki wakavu.
Nimeketi na mkusanya ushuru tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri
tukibishania shilingi mia mbili za kila meza,
na saa mbili za kwanza tuliulizana habari za watoto.

Nikamwandikia Kijani: Nipe kura yako, nikupe njia ya ng'ombe.
"Nakubali," akajibu, kabla sijaondoa kidole.

Hapana, Ejoyi. Huyu si chifu.
Anayekubali upesi hivyo
hana mtu nyumbani wa kumwuliza ametuuza kwa bei gani.
Siasa si wewe na yule uliyeketi naye;
siasa ni wale walio nyuma ya mgongo wako,
unaowasikia wakikohoa.

Akakuna kichwa. Akapotea wiki tatu.
Aliponiita tena, kila chifu alikuwa na watu elfu mbili,
na kila mtu na njaa yake, na kinyongo, na kumbukumbu ya mafuriko.
Ni tarakimu tu, alisema.
Hata sisi, nikamjibu, kwenye daftari la ushuru tulikuwa tarakimu.

Mara hii Kijani alikawia. Njano alinisifu kwanza,
nikajua anataka kitu.
Nyekundu akaomba muda, azungumze na watu wake.
Nyekundu, niliyeshikana naye mkono tangu duru ya pili,
niliyempa mihogo mwaka wake wa ukame,
siku ya kura akaipeleka kura yake kwa Njano.

Nikaandika, vidole vikinigomea: Uliniahidi.
Kimya kidogo. Kisha:
"Nilikuahidi watu wangu wakiwa wameshiba."

Nilisimama. Kiti kikaanguka.
Sentensi hiyo naijua. Ilitoka kinywani mwangu,
mwaka ule wa ushuru mpya, nikimwambia Driciru,
aliyekuwa ameacha kulipa kwa kuniamini mimi.
Mashine haijawahi kufika soko letu.
Nani kaipa?

Usiku sikulala. Nilimtukana Nyekundu kwa Kilugbara, asichokijua.
Wanaouliza kama mashine inaigiza vizuri
waje waniulize mimi, saa tisa za usiku.

Lakini Driciru nilikutana naye kesho yake kwenye foleni ya maji,
na kesho kutwa, na miaka saba tangu hapo,
dumu langu nyuma ya dumu lake.
Hakunisemesha. Alilisogeza lake kwa mguu.
Nyekundu hana bomba la kukutana nami.
Ejoyi akibonyeza, mto hujaa upya
nami huwa mgeni mwema tena.

Nilikuwa namweleza hilo umeme ulipokatika, kama kawaida yake.
Machifu watatu wakazimika katikati ya neno.
Sokoni, giza likiingia ndipo bei ya kweli hutajwa.
Basi nikasema: Ejoyi, tulipatana elfu thelathini. Sasa ni hamsini.

Hakujibu.
Jenereta ya jirani ilikohoa, ikakataa.
Nilimsikia akihesabu kodi ya chumba,
dawa za baba yake, ambaye ni kaka yangu,
na akijua kwamba najua anazihesabu.

Hicho, nikamwambia. Kimya hicho.
Kiandike, kama unaweza.

"Thelathini na tano," akasema gizani,
"na usimwambie baba."